Umeme unavyogeuza mwanga kwenye kioo cha mizani ya korosho

Mkulima wa Masasi au Newala akipeleka korosho chama cha msingi (AMCOS), kilo zinazosomeka kwenye mizani ndizo zinazoandikwa. Kama mizani ina tarakimu nyeusi juu ya kioo cha kijivu, ni vizuri kujua tarakimu hizo zinatoka wapi.

Kioo kinavyofanya kazi

Tarakimu hizo haziwaki kama taa. Ni sehemu ambazo mwanga umezuiwa kupita. Kioo kina vichujio viwili. Fikiria uzio wa fito zilizosimama: panga lililosimama wima linapita, lililolala halipiti. Kichujio cha kwanza hupitisha mwanga uliosimama, cha pili uliolala.

Katikati yake kuna fuwele za kimiminika, zilizogunduliwa mwaka 1888 na mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer. Chembe zake hujipanga kama ngazi ya mzunguko na kuugeuza mwanga ulale, ukapita. Umeme wa volti chache ukiwekwa, chembe hunyooka, mwanga haugeuki tena, na sehemu hiyo huonekana nyeusi. Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walibuni kioo cha aina hii nchini Uswisi mwaka 1970.

Kanuni inayokaribiana na hiyo hutumika kwenye baadhi ya swichi za mitandao ya faiba. Umeme ukipungua hatua kwa hatua kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, mwale wa mwanga hupinda bila kifaa chochote kusogea.

Kilo zinavyoweza kupotea

Kila tarakimu ina vijiti 7. Kijiti kisipopata umeme hakionekani. Kijiti cha katikati kikifa kwenye tarakimu ya mwisho, kilo 88 husomeka 80. Kilo 8 zimepotea hata kama hakuna mtu aliyekusudia kukudhulumu.

Mambo ya kuangalia

- Mizani ikiwashwa, nyingi huonyesha 8 kila nafasi. Hakikisha vijiti vyote vipo.
- Soma ukiwa mbele ya kioo. Ukiwa pembeni tarakimu hufifia.
- Tarakimu zikififia zote, huenda betri imeisha nguvu.
- Mizani ikae kivulini. Joto kali huharibu mpangilio wa chembe, kioo kikawa cheusi chote. Kwa kawaida hurudi kikipoa.

Ukiona kijiti kimekosekana, omba gunia lipimwe kwenye mizani nyingine kabla kilo hazijaandikwa.