Karl Friedrich Schinkel: Msanifu wa Mfalme na Makanisa ya Vitongojini

Karl Friedrich Schinkel alizaliwa tarehe 13 Machi, 1781, katika mji wa Neuruppin, nchini Prusia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1787 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na baba huyo akafariki mwaka huohuo. Mjane na watoto wake wakahifadhiwa katika nyumba ya wajane wa wachungaji, hata mwaka 1794 walipohamia Berlin.

Huko kijana alijifunza usanifu wa majengo kwa David Gilly na mwanawe Friedrich. Majeshi ya Napoleon yalipoiteka Berlin mwaka 1806, ujenzi ulidorora, naye akajipatia riziki kwa kuchora picha. Mwaka 1810 aliingia katika idara ya ujenzi ya serikali. Chini ya Mfalme Friedrich Wilhelm III alisanifu jumba la maigizo (1818–1821) na jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1830.

Wakati huo vitongoji vya kaskazini mwa Berlin vilikuwa vikijaa watu maskini, wasio na nyumba ya ibada karibu nao. Schinkel alitakiwa kuandaa makanisa mawili makubwa. Gharama zilipoonekana kuwa nzito mno, Mfalme aliagiza yajengwe manne madogo. Mtu aliyezoea kazi za fahari angeweza kuidharau kazi hiyo. Yeye aliipokea. Alichora kumbi za kawaida zisizo na minara, zenye roshani ndani ili waumini wengi wapate nafasi, akategemea vipimo sahihi na uashi mwema badala ya mapambo. Makanisa hayo, yaani Mtakatifu Elisabeti, Mtakatifu Paulo, Mtakatifu Yohana na Nazareti, yote yaliwekwa wakfu mwaka 1835.

Schinkel alifariki tarehe 9 Oktoba, 1841. Chuo cha Ujenzi alichokisanifu, ambacho wengi walikihesabu kuwa miongoni mwa kazi zake bora, kilibomolewa mwaka 1962. Kanisa la Mtakatifu Elisabeti liliungua vitani mwaka 1945, likakaa miaka mingi bila paa kabla ya kukarabatiwa. Hata hivyo, makanisa yote manne yangali yamesimama. Kila usharika uliowahi kupunguza ramani yake kwa sababu ya uhaba wa fedha utaelewa habari hii: udogo wa jengo haukupunguza heshima ya kazi.