Mgogoro wa Kashmir: Chimbuko Linalobishaniwa

Mgogoro wa Kashmir ni ugomvi kati ya India na Pakistan, na kwa sehemu China, kuhusu nchi iliyokuwa ufalme wa Jammu na Kashmir hadi mwaka 1947, kaskazini mwa Bara Hindi. Ulizuka wiki chache baada ya Waingereza kuondoka, ukazaa vita ya 1947–1949, na mpaka leo haujapata suluhu. Mengi yaliyotokea siku zile yanajulikana. Kinachogombaniwa ni nani alianza, nani alikuwa na haki, na hasa simulizi ianzie wapi. Anayeanza na mwaka 1846 huona watu waliouzwa pamoja na ardhi yao. Anayeanza na kiangazi cha 1947 huona wananchi walioasi. Anayeanza na tarehe 22 Oktoba 1947 huona uvamizi kutoka nje. Na anayeanza na tarehe 27 ya mwezi huohuo huona jeshi la kigeni likitua Srinagar.

Nchi na wakazi wake

Ufalme huo ulikuwa na eneo la kilomita za mraba 222,000 hivi, na uliunganisha mikoa isiyofanana: Bonde la Kashmir na mji wake wa Srinagar, Jammu upande wa kusini, Poonch na Mirpur magharibi, Ladakh na Baltistan mashariki na kaskazini-mashariki, na Gilgit kaskazini. Sensa ya 1941 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4, na katika kila watu 100 takriban 77 walikuwa Waislamu. Ndani ya Bonde Waislamu walizidi asilimia 90. Jammu ya mashariki ilikuwa na Wahindu wengi, na Ladakh Wabudha wengi.

Waislamu wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Wa Bondeni walisema Kikashmiri, wa Poonch na Mirpur walikaribiana kwa lugha na udugu na watu wa Punjab, na wa Baltistan wengi wao walikuwa Washia. Kwa hiyo “matakwa ya Wakashmiri”, maneno yanayotajwa na kila upande, yalikuwa tangu awali matakwa ya watu wengi mbalimbali.

Mkataba wa Amritsar na utawala wa Wadogra

Bonde la Kashmir lilitawaliwa na masultani wake tangu karne ya 14, likatwaliwa na Wamughali mwaka 1586, kisha na Waafghani katikati ya karne ya 18, na mwaka 1819 likaangukia mikononi mwa Masingasinga wa Lahore. Gulab Singh, Mhindu wa jamii ya Wadogra, aliinuka katika utumishi wa Lahore na kupewa utawala wa Jammu. Jemadari wake Zorawar Singh aliiteka Ladakh kuanzia 1834, halafu Baltistan.

Waingereza walipowashinda Masingasinga katika vita ya 1845–1846, Gulab Singh hakuwasaidia mabwana zake wa Lahore. Tarehe 16 Machi 1846, kwa Mkataba wa Amritsar, Waingereza walimkabidhi Kashmir na milima inayoizunguka kwa rupia milioni 7.5. Gavana aliyekuwepo Srinagar alikataa kuondoka, na Gulab Singh aliingia katika milki yake mpya kwa msaada wa Waingereza.

Wanaharakati wa Kashmir katika karne ya 20 waliuita mkataba huo “mauzo”, na wakaufanya hoja kwamba ukoo wa Wadogra haukuwa na haki ya kuwaamulia watu jambo lolote. Wanaoutetea husema milki nyingi za zama hizo zilipatikana kwa vita au kwa fedha, na kwamba ni Wadogra waliounganisha mikoa hiyo kuwa nchi moja. Katika utawala huo Waislamu walio wengi walibaki wakulima wasio na ardhi, walitozwa kodi nzito na kufanyishwa kazi za shokoa, na hawakuonekana ila kwa uchache katika jeshi na ofisi za serikali. Kuchinja ng’ombe lilikuwa kosa la jinai lenye adhabu kali. Mwaka 1865 wafumaji wa shali waliandamana Srinagar kupinga kodi, na maandamano yao yakazimwa kwa nguvu.

Kuamka kwa siasa, 1931–1946

Tarehe 13 Julai 1931 umati ulikusanyika nje ya jela kuu ya Srinagar, ambako mtu mmoja, Abdul Qadeer, alikuwa akihukumiwa kwa hotuba ya uchochezi. Askari wa Maharaja Hari Singh, mtawala wa ukoo huohuo wa Wadogra, walifyatua risasi, na watu 22 wakafa. Tume iliyoongozwa na Mwingereza Bertrand Glancy ilikubali kwamba malalamiko mengi ya Waislamu yalikuwa na msingi.

Mwaka 1932 kiliundwa chama cha Muslim Conference chini ya Sheikh Mohammad Abdullah. Mwaka 1939 Abdullah alikigeuza kuwa National Conference, chama cha watu wa dini zote, akajenga urafiki na mwanasiasa wa India Jawaharlal Nehru. Wasiokubali mwelekeo huo walifufua Muslim Conference mwaka 1941 na kusogea karibu na chama cha Muslim League cha Mohammad Ali Jinnah. Hivyo, miaka sita kabla ya India na Pakistan kugawanyika, Waislamu wa Jammu na Kashmir walikuwa wamekwisha kugawanyika wao. Mwaka 1946 Abdullah alimtaka Maharaja aondoke Kashmir, akafungwa.

Mgawanyo wa 1947

Majimbo yaliyotawaliwa na Waingereza moja kwa moja yaligawanywa kati ya India na Pakistan kwa kufuata dini ya walio wengi. Falme za wenyeji, zilizozidi 550, hazikuwekwa chini ya kanuni hiyo. Kisheria uamuzi wa kujiunga na nchi ipi ulikuwa wa mtawala, ingawa alishauriwa kuangalia mahali nchi yake ilipo na watu wake ni akina nani. Pengo hilo ndilo mzizi wa kisheria wa mgogoro. Pakistan husema Kashmir ilikuwa yake kwa kanuni ya wingi wa Waislamu, na India husema ilikuwa yake kwa saini ya mtawala.

Mfano wa Junagadh hutumiwa na pande zote mbili. Huko mtawala Mwislamu mwenye raia wengi Wahindu alijiunga na Pakistan. India ikapinga, ikaichukua nchi hiyo Novemba 1947, kisha ikapiga kura ya maoni Februari 1948. Pakistan huuliza kwa nini saini ya mtawala iheshimiwe Kashmir na isiheshimiwe Junagadh. India hujibu kwamba Junagadh wananchi waliulizwa, na kwamba Pakistan ndiyo iliyotangulia kuipokea saini ya mtawala dhidi ya wingi wa raia wake.

Hari Singh hakutaka kujiunga na yeyote. Agosti 1947 aliomba mkataba wa kuacha mambo yalivyo kwa muda. Pakistan ilikubali, India ikataka mazungumzo kwanza. Muda si mrefu petroli, chakula na bidhaa nyingine zikaacha kufika Kashmir kutoka Pakistan. India huuita huo mbinyo wa makusudi; Pakistan huutaja kuwa matokeo ya machafuko ya Punjab.

Jambo jingine linalobishaniwa ni mpaka kati ya India na Pakistan uliochorwa na Mwingereza Cyril Radcliffe na kutangazwa tarehe 17 Agosti. Wilaya ya Gurdaspur, yenye Waislamu waliozidi nusu kwa uchache tu, iligawanywa, na sehemu yake kubwa ikapewa India. Kwa kuwa barabara kuu ya kuingia Bondeni ilipita Rawalpindi na Muzaffarabad, na reli ya Jammu ilitoka Sialkot, njia zote mbili zilianzia Pakistan. Gurdaspur ndiyo iliyoipa India upenyo wa kufika Jammu. Waandishi wa Pakistan humtuhumu gavana mkuu, Lord Mountbatten, kwamba alimshawishi Radcliffe. Watetezi wa mpaka huo hueleza kwamba uamuzi ulihusu usalama wa Amritsar na mifereji ya maji, na kwamba Pathankot, sehemu ya wilaya iliyo kwenye njia ya Jammu, ilikuwa na Wahindu wengi.

Uasi wa Poonch na mauaji ya Jammu

Poonch ilikuwa na makumi ya maelfu ya wanaume waliopigana katika jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 waligoma kulipa kodi, Maharaja akaamuru wanyang’anywe silaha, na maandamano yakageuka uasi. Tarehe 24 Oktoba waasi walitangaza serikali ya Azad Kashmir chini ya Sardar Mohammad Ibrahim Khan. Mwanahistoria Christopher Snedden anashikilia kwamba hapa ndipo vita ilipoanza, na kwamba walioianza ni raia wa Jammu na Kashmir wenyewe. Wanaompinga hukumbusha kwamba silaha na maofisa walikuwa wakivuka kutoka Pakistan mapema.

Katika miezi ya Oktoba na Novemba, Waislamu wa Jammu waliuawa kwa wingi na askari wa Maharaja pamoja na makundi yenye silaha ya Wahindu na Masingasinga. Makadirio yanaanzia makumi ya maelfu hadi zaidi ya 200,000, na wengi zaidi walikimbilia Pakistan. Mwishoni mwa Novemba, Mirpur ilipoanguka, maelfu ya Wahindu na Masingasinga waliuawa nao. Kila upande huyasimulia kwa kirefu mauaji yaliyowapata watu wake na kuyapitia haraka yale mengine.

Uvamizi na Hati ya Kujiunga

Tarehe 22 Oktoba wapiganaji wa makabila ya Wapashtuni kutoka mpaka wa kaskazini-magharibi wa Pakistan waliingia Muzaffarabad wakielekea Srinagar. Huko Baramulla walipoteza muda wakipora na kuua, pamoja na kushambulia hospitali ya wamisionari Wakatoliki. Serikali ya Pakistan ilisema walikwenda kwa hiari yao kuwanusuru ndugu zao Waislamu. Lakini Akbar Khan, ofisa wa jeshi la Pakistan, baadaye aliandika kitabu akieleza alivyoshiriki katika mipango. Jinnah, kiongozi wa Pakistan wakati huo, alijua kiasi gani kabla, ni jambo ambalo bado linabishaniwa.

Maharaja alikimbilia Jammu usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba. Hati ya Kujiunga na India, iliyohusu ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano, ina tarehe 26 Oktoba, na asubuhi ya tarehe 27 ndege zilizobeba askari wa India zilitua Srinagar. Kwa maelezo ya V. P. Menon, ofisa wa serikali ya India, yeye aliruka hadi Jammu tarehe 26 na kurudi na saini. Mwanahistoria Alastair Lamb alidai kwamba Menon hakuweza kufika Jammu siku hiyo, na kwamba saini ilipatikana baada ya askari kutua. Mwandishi Prem Shankar Jha, akitegemea ushahidi wa Sam Manekshaw, ofisa wa jeshi aliyesafiri na Menon, alijibu kwamba hati ilisainiwa mapema zaidi, kabla Maharaja hajaondoka Srinagar. Ubishi wa saa hizo chache una uzito wake: ikiwa hati ilitangulia, askari waliingia nchi yao, ikiwa askari walitangulia, waliingia nchi ya watu.

Mountbatten, alipoipokea hati tarehe 27, aliandika kwamba amani ikirejea suala la kujiunga liamuliwe kwa kuwauliza wananchi. Nehru, waziri mkuu wa India, aliahidi vivyo hivyo redioni tarehe 2 Novemba. Wakati huohuo, huko Gilgit, kikosi cha Gilgit Scouts chini ya kamanda wake Mwingereza, Meja William Brown, kilimpindua gavana wa Maharaja, na eneo hilo likawekwa chini ya Pakistan.

Umoja wa Mataifa na mstari wa kusitisha mapigano

India ilipeleka shauri Umoja wa Mataifa tarehe 1 Januari 1948 ikilalamikia uvamizi; Pakistan ilijibu kwa kuhoji uhalali wa hati. Azimio namba 47 la Baraza la Usalama, la tarehe 21 Aprili 1948, lilipendekeza kura ya maoni. Mwezi Mei jeshi rasmi la Pakistan liliingia vitani. Azimio la tume ya Umoja wa Mataifa la tarehe 13 Agosti liliitaka Pakistan iondoe askari wake na wapiganaji wa makabila, kisha India ipunguze majeshi yake, halafu masharti ya kura yajadiliwe. Mapigano yalisimamishwa tarehe 1 Januari 1949, na mstari ukachorwa kwa Mkataba wa Karachi mwezi Julai. Pande hizo hazikukubaliana namna ya kuondoa majeshi. India husema Pakistan haikutimiza sharti la kwanza. Pakistan husema India iliogopa matokeo ya kura. Mpatanishi Owen Dixon alipendekeza mwaka 1950 kura ya mkoa kwa mkoa, nalo pendekezo hilo likakwama.

Tathmini

Hakuna simulizi ya upande mmoja inayobeba ushahidi wote. Uasi wa Poonch unapunguza nguvu ya dai kwamba shida yote ilitoka nje. Mchango wa maofisa wa Pakistan katika uvamizi unapunguza nguvu ya dai kwamba makabila yalikwenda yenyewe. Na ahadi ya kuwauliza wananchi inapunguza nguvu ya dai kwamba saini ya Hari Singh ilimaliza kila kitu. Walichokosa wakazi katika hatua zote, kuanzia Amritsar hadi Karachi, ni nafasi ya kukaa mezani kama wahusika wakuu.

Ugomvi wa tarehe umeingia hata katika sikukuu. Azad Kashmir huadhimisha tarehe 24 Oktoba, Gilgit-Baltistan tarehe 1 Novemba, na Pakistan huitangaza tarehe 27 Oktoba kuwa siku ya maombolezo. Upande wa India, tarehe 13 Julai ilikuwa sikukuu ya mashahidi wa 1931 kwa miongo mingi. Serikali ya India ilipofuta hadhi ya pekee ya Jammu na Kashmir ndani ya India tarehe 5 Agosti 2019, orodha ya sikukuu iliyofuata iliiondoa tarehe hiyo na kuweka tarehe 26 Oktoba, siku ya Hati ya Kujiunga. Kura ya maoni iliyoahidiwa mwaka 1947 haijapigwa.