Dau la Mnyonge na Jiwe la Maili

Mwingereza anaposema kazi yake inapata "headway", anazungumza lugha ya mabaharia hata kama hajawahi kukanyaga sitaha. Neno hilo hutaja mwendo wa merikebu kuelekea kule omo inakotazama. Lina mwenzake, "leeway": kusukumwa na upepo kwa ubavu, upande wa demani. Baharia alilazimika kulipigia hesabu, maana chombo chaweza kukata maji mchana kutwa na jioni kikajikuta kando kabisa ya njia yake. Mpaka leo, kwa Kiingereza, aliyebaki nyuma kimasomo ana "leeway" ya kufidia.

Pwani yetu nayo imeishi kwa tanga. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Hata hivyo, maneno mengi tuliyotoa chomboni ni ya mashaka: mambo huenda mrama, kama jahazi linaloyumba. Yakitengemaa, ni shwari. Ajabu hiyo! Bahari ikiwa shwari kabisa, mwenye tanga haendi popote. Waingereza huuita ukanda wa bahari usio na upepo karibu na ikweta "doldrums", na uchumi uliodorora husemwa umekwama humo. Nadhani shwari yetu ni ya abiria na mvuvi wa ngalawa, wala si ya nahodha mwenye shehena.

Palipo na mwendo wa kweli wa chombo, methali yetu ina masharti: dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mola kupenda. Kwenda joshi ni kuelekea upepo unakotoka. Chombo hubisha, kikikata mshazari huku na huku. "Headway" haiulizi chombo ni cha nani. Methali huanzia hapo hapo, na kwangu mimi ndiyo yenye jicho kali zaidi.

Kwa maendeleo ya kila siku Kiswahili hushuka nchi kavu: tunapiga hatua, haba na haba hujaza kibaba. Kiingereza nacho kina "milestone", jiwe la maili, urithi wa barabara za Waroma, ambao maili yao ilikuwa jozi 1,000 za hatua. Jiwe lile lilisimikwa na dola iliyojua barabara inaishia wapi. Kibaba hakina barabara. Kikijaa, mtu huanza kingine, na vikitimia 4 ana pishi.