Picha za Angani na Majina ya Vilima: Ramani za Masisi na Walikale

Upigaji picha kutoka angani kwa ajili ya kuchora ramani ulienea katika Kongo ya Kibelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndege iliruka kwa mistari iliyonyooka, na kila picha ilirudia yapata asilimia 60 ya ile iliyoitangulia. Kilima kilichoonekana katika picha mbili, kutoka pembe mbili, kiliweza kupimwa kimo chake. Hiyo ndiyo fotogrametria. Picha za Kivu za mwisho wa miaka ya 1950 zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Katika miaka ya karibuni watafiti wameziingiza katika kompyuta, wakaziunganisha kuwa ramani na kuzilinganisha na picha za setilaiti ili kujua misitu iliyokatwa na miteremko iliyoporomoka.

Masisi na Walikale ni majirani, lakini haziitikii kazi hiyo kwa namna moja. Vilima vingi vya Masisi vimegeuzwa mashamba na malisho, hivyo ardhi yenyewe huonekana. Walikale, huko Wanianga na Bakano, kamera hupima vilele vya miti tu. Kijia cha msituni, mfano wa vile vilivyowafikisha maelfu ya wachimbaji kwenye bati la Bisie tangu mwaka 2002, hakichoreki kutoka juu.

Hata Masisi lipo jambo lisilopigika picha, nalo ni jina. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya Kibelgiji ilihamishia huko familia kutoka Rwanda, kwenye ardhi ya Wahunde. Utawala waliopewa, wa Gishari, ulivunjwa mwaka 1957. Jina hilo huandikwa Gishari, na pengine Kishari. Kwa mwanaisimu tofauti ni ndogo: Kinyarwanda, kwa Sheria ya Dahl, hugeuza /k/ kuwa /g/ silabi ifuatayo ianzapo kwa konsonanti sighuna, ndiyo maana kitabu huko ni igitabo. Kwa mwenye shamba tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Vita vilivyoanzia soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, vikaenea hadi Masisi, vilihusu kwa sehemu kubwa swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Mahali kama hapo herufi moja huweza kusomwa kama hati ya umiliki.

Ramani ya karatasi ililazimika kuchagua tahajia moja. Ya kompyuta hailazimiki: mahali pamoja paweza kubeba majina mawili au matatu. Basi nafasi hizo zijazwe, na zijazwe baada ya wazee wa pande zote kuulizwa kilimani penyewe, pamoja na kuandika lugha ya aliyelitamka jina na tarehe aliyolitamka.