Blue John: jiwe la kilima kimoja

Geuza bizimu la kale la Kiingereza, utazame mgongo wake. Ukikuta simba, nanga na herufi, umeshaambiwa mengi: fedha ni halisi, sehemu 925 katika kila 1,000, ilipimwa Birmingham, na herufi inataja mwaka. Taji badala ya nanga maana yake ni Sheffield, kabla ya mji huo kuhamia alama ya waridi mwaka 1975. Kuhusu jiwe la upande wa mbele, mihuri haisemi neno. Nalo, lenye mikanda ya zambarau na manjano iliyopindana, ndilo adimu kuliko fedha iliyolishika.

Ni Blue John, floraiti ya kilima cha Treak Cliff, kijijini Castleton, Derbyshire. Mwaka 1762 msanifu Robert Adam alilipamba nalo jiko la kuotea moto katika jumba la Kedleston. Kisha akaja Matthew Boulton, mwenye kiwanda Birmingham, aliyetaka machimbo yote yawe yake. Hakuyapata, lakini mwaka 1769 alinunua tani 14, akazifanya vyombo vya fahari vyenye vishikio vilivyopakwa dhahabu. Boulton huyohuyo ndiye aliyepigania Birmingham ipate ofisi yake ya kupima fedha, ikafunguliwa mwaka 1773. Ile nanga mgongoni mwa bizimu ni matunda ya juhudi zake.

Kulichonga jiwe hili ni kazi ya subira. Ni laini, kisu hulikwaruza, na hupasuka kirahisi kwa kufuata tabaka zake. Mafundi wa zamani walilikausha, wakalipasha moto na kulichovya katika utomvu wa msonobari ili lishikamane, ndipo wakathubutu kulitia kwenye mashine. Moto ukizidi, zambarau hufifia.

Bakuli kubwa kuliko yote, lililoko jumba la Chatsworth, lilichongwa na William Vickers mwaka 1842. Baadaye vipande vikubwa vikawa shida kupatikana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, floraiti ya kilima hicho ilichimbwa kwa ajili ya tanuri za feleji. Masonara wakabaki na vipande vidogo: pete, hereni, vidani na mabizimu ya fedha. Mimi sioni kwamba huko ni kushuka hadhi. Bakuli la Chatsworth hutazamwa tu. Bizimu huvaliwa, na anayelivaa hulijua jiwe lake mstari kwa mstari.

Hadi leo Castleton huchimba kiasi kidogo tu kila mwaka, bila baruti. Kwa hiyo ukirithi pambo la namna hii, usilitie kwenye maji ya moto wala dawa za kung'arishia fedha. Kitambaa laini chatosha. Na mnunuzi akitaka kulipima kwa mizani, alipe bei ya fedha tu, usimwuzie.