RATQAA: NENO "AIBU" LILIVYOTUPOTEZA



Ndugu zangu, binti amefika miaka 15 na hajaona hedhi. Kila mwezi tumbo linamsokota, kisha linaanza kuvimba. Nyumbani minong'ono inaanza: ana mimba, ana jini. Kumbe damu inatoka kila mwezi, ila njia imezibwa tangu tumboni mwa mama yake, ikajikusanya ndani.

Fuqahaa wetu walimjua mwanamke huyu. Wanamwita ratqaa. Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) amemtaja katika Minhaaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha vizazi na vizazi. Kuzibwa huko wamekuhesabu katika *uyuub* za ndoa: mume aliyeoa bila kujua ana khiyari ya kuvunja ndoa. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Sisi Waswahili tumelichukua neno *ayb* tukalifanya aibu, fedheha. Kwa fuqahaa ni kasoro tu, na mlango huohuo umemtaja mwanamume asiyeweza tendo la ndoa (yeye hatumnong'oni!). Akibaki naye, ratqaa ana haki yake ya matumizi, na mume hawezi kumlazimisha apasuliwe. Akijitibu mwenyewe na njia ikafunguka, khiyari ya mume imeondoka.

Kwani ilikuwa ikitibika? Ndiyo. Abul-Qaasim az-Zahraawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mnamo 404 Hijria (1013), ana mlango mzima juu ya ratqaa katika at-Tasrif, kitabu chenye sehemu 30, ya mwisho ikiwa ya upasuaji. Utando ukiwa mwembamba unapasuliwa kwa vidole. Ukiwa mnene, kwa kisu. Kisha wanaangalia pasije pakafunga tena. Karne ya 12 sehemu hiyo ilitafsiriwa Kilatini kule Toledo, na Ulaya wakaisomea.

Leo ukiwa ni utando wa mlangoni ni upasuaji mdogo. Kizuizi kikiwa juu zaidi anahitajika bingwa. Kinachowazuia akina mama wengi ni hofu moja: "Binti yangu atapoteza ubikira." Mama yangu, rudi kwenye Minhaaj ileile, mlango wa walii. Kauli sahihi zaidi ni kwamba ubikira ukiondoka bila ya kuingiliwa, kwa mfano kwa kuanguka, haubadilishi kitu. Hukumu yake ni ya bikra vilevile.

Wallaahu a'lam.