Mashine na Mikono ya Wabangua Korosho

Izungumzwapo habari ya mashine na kazi katika mikoa yetu, watu hukumbuka kwanza mkonge wa Tanga. Huko mashine za kuparua majani ziliingia tangu enzi ya Wajerumani, lakini shambani jani liliendelea kukatwa kwa kisu na mafungu kubebwa begani. Mashine ikawa mlaji asiyeshiba: kadiri ilivyoparua, ndivyo ilivyodai wakataji, hata wakoloni wakawaleta manamba kutoka mikoa ya mbali. Korosho ya kusini ina historia nyingine, nayo haijaelezwa vya kutosha.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, ukaupenda mchanga wa Mtwara na Lindi. Kwa miaka mingi korosho ghafi ilisafirishwa India, ikabanguliwa kwa mikono, hasa ya wanawake wa Kerala. Kazi hiyo si nyepesi. Ganda lina mafuta yaunguzayo ngozi, hivyo mbanguaji hupaka vidole majivu au mafuta, akapasua korosho moja moja bila kuivunja, kwa maana korosho nzima ndiyo yenye bei.

Baada ya Uhuru, taifa letu liliona kwamba kazi hiyo na faida yake havina budi kubaki nyumbani. Katika hilo hatuna shaka: lilikuwa wazo la haki. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia vikajengwa viwanda vikubwa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kama vile vya Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea na Tunduru, vyenye mitambo kutoka Italia na Japani. Lakini korosho hazilingani kwa umbo wala ukubwa, na mtambo haukuwa na jicho la kutambua hilo. Ulivunja nyingi mno. Vipuri vilidai fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu.

Korosho zenyewe nazo zikapungua. Msimu wa 1973/74 zilipatikana tani zipatazo 145,000; msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Wakulima waliohamishiwa vijijini waliiacha mikorosho mbali, bei iliwavunja moyo, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Viwanda vikanyamaza, vingine vikageuzwa maghala, na korosho ghafi ikarudia njia yake ya kale ya India. Hivyo mtambo wetu ulikaa mahali pa mbanguaji bila kuifanya kazi yake. Wanawake wa Newala hawakuajiriwa kubangua, na mshahara ukalipwa ng'ambo.

Tangu hapo ufundi umesonga mbele. Vietnam imeunda mashine zinazobangua kwa uhakika zaidi, na huko Kerala kwenyewe viwanda vingi vya mikono vimefungwa. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 310,000, na sehemu kubwa ilipakiwa melini ikiwa ghafi. Vikundi vya akina mama wa kusini, ambao kiwanda kikubwa hakikuwangoja, hubangua kwa kifaa kidogo cha chuma: mguu hukanyaga, mkono huvuta, korosho moja hupasuka, nao hushika ya pili.